Uwanja Usio na Kuta: Ngoma, Ardhi na Miti chini ya Mlima Meru

Mtu aendaye kusikiliza muziki mjini Arusha siku hizi huenda akasomewa sifa za mahali kabla hajasomewa sifa za waimbaji. Huambiwa kwamba jukwaa limeundwa kwa mbao zilizokwisha kutumika, kwamba taa huwaka kwa nguvu za jua, kwamba maji ya mvua hukingwa katika matangi, na kwamba kinywaji hakitolewi katika kikombe cha kutupwa. Sifa hizi ni njema, na asiyezipenda ana haja ya kueleza kwa nini. Lakini husemwa kwa sauti ya mtu aliyevumbua jambo, kana kwamba kabla ya taa hizo hapakuwa na mwanadamu aliyepata kuimba juu ya ardhi bila kuidhuru.

Mwanafunzi wa historia, akifika mahali kama hapo, ana wajibu wa kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, jambo hili ni geni katika nchi hii? La pili: je, ardhi ile ambayo muziki unapigwa juu yake ilipatikanaje, na nani aliondoka ili jukwaa likae? Jibu la swali la kwanza lafurahisha. Jibu la swali la pili halifurahishi. Lakini maswali yenyewe hayatenganiki, na atakayejibu moja akaliacha la pili atakuwa ameona nusu ya uwanja.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500, na kilele chake hutokea mawinguni upande wa kaskazini wa mji. Kiunoni mwake mna msitu, na chini ya msitu kuna mashamba ya migomba na kahawa. Kutoka katika msitu huo hushuka mito inayoupitia mji wa Arusha, kama vile Themi, Naura na Burka. Tangu zamani wakulima wa miteremko hii, Wameru upande wa mashariki na Waarusha upande wa kusini na magharibi, waliyaongoza maji kwa mifereji kutoka mtoni hadi mashambani. Mfereji una sheria zake: una zamu zake, una wazee wake, na mtu akiuharibu huwakosea wote wanaokaa chini yake. Watu waliokwisha kuzoea kugawana maji kwa zamu hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kitu cha wote kina mipaka.

Katika nchi yenye rutuba kama hii, na yenye watu wengi, kila pande la ardhi lina kazi. Kwa hiyo uwanja wa ngoma haukuwa mahali palipobaki kwa bahati. Ulikuwa mahali palipoachwa kwa makusudi. Palihitajiwa nafasi ya kutosha kwa vijana kuruka, kivuli cha wazee kukaa, na njia ya watu kuja bila kukanyaga mimea ya jirani. Mti mkubwa ukiachwa usikatwe, kivuli chake kilikuwa baraza, mahakama na ukumbi kwa wakati mmoja. Asubuhi wazee waliamua shauri la mpaka chini yake, na jioni vijana waliimba pale pale. Mringaringa, ambao wenyeji wa Meru na Kilimanjaro wauheshimu sana, haukuwa pambo la uwanja. Ndio uliokuwa paa lake.

Muziki wenyewe ulikubaliana na mahali. Waarusha, ambao lugha na desturi zao ni za jamaa ya Wamasai, huimba bila kutegemea ngoma ya kuwambwa. Chombo chao kikubwa ni koo la binadamu. Mwimbishaji, aitwaye olaranyani, huanzisha shairi. Kundi humpokea kwa mlio mzito utokao kifuani, wengine chini, wengine juu, kila mmoja akijua mahali pake. Na pembe ya mnyama huweza kulia kati yao. Vijana huruka juu kwa zamu, na kishindo cha miguu ndicho kipimo cha mwendo. Muziki wa namna hii hauhitaji kuta za kurudisha sauti, kwa sababu waimbaji husimama kwa nusu duara na kuwa ukuta wao wenyewe. Sauti hutoka kwao na kurudi kwao. Msikilizaji naye si mtazamaji tu: mwanamke apigaye kigelegele na mzee atikisaye kichwa wamekwisha kuingia katika wimbo.

Wakati nao ulichaguliwa kwa akili. Masika, tangu Machi hadi Mei, mvua hunyesha na watu wako mashambani. Sherehe kubwa hungoja kiangazi, mavuno yakiisha kuingia na njia zikiisha kukauka. Usiku taa ilikuwa mwezi na moto. Asubuhi ya pili yake, mpita njia aliona nyasi zilizolala na majivu kidogo, na baada ya mvua ya kwanza hata hayo hayakuonekana.

Hata hivyo si haki kuwasifu wazee kwa sifa ambazo wenyewe hawakuzidai. Hawakuimba chini ya mti kwa ajili ya fundisho la kuhifadhi dunia; waliimba pale kwa sababu pale palikuwa pazuri, na kwa sababu vifaa vya kuharibu havikuwa vingi. Wao pia walifyeka msitu walipohitaji shamba, na waliwinda walipohitaji nyama. Tofauti yao na watu wa leo haikuwa katika usafi wa moyo. Ilikuwa katika jambo hili: gharama ya sherehe ilionekana na wote waliohudhuria. Kuni zilizochomwa zilikuwa zimebebwa na mtu anayejulikana, na ng'ombe aliyechinjwa alikuwa ametoka katika zizi linalojulikana. Hapakuwa na gharama iliyofichwa nyuma ya ukuta, kwa kuwa ukuta haukuwapo.

Kuta zilikuja na bunduki. Mwaka 1896 wamishonari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru, na askari wa Kidachi wakaja kulipiza kisasi kwa moto na kwa kuteka mifugo. Mwaka 1900 watawala na viongozi wa Kilimanjaro na Meru walinyongwa Moshi, Mangi Meli akiwa miongoni mwao. Katika siku hizo ndipo boma la Arusha lilipojengwa, kwa amri ya Kapteni Johannes, na kwa mikono ya watu walioshindwa, ambao hawakuulizwa kama wanataka kazi ile. Jengo lile jeupe lingaliko. Tangu mwaka 1987 limekuwa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, na bustani yake iteremkayo kuelekea mto Themi imekuwa mahali ambapo watu wa mji na wageni hukutana, hupumzika na kusikiliza muziki.

Mtu anayezipenda hesabu za mazingira atasema, na atasema kweli, kwamba jengo la kale linapotumiwa tena ni faida kubwa. Mawe hayachimbwi mara ya pili, chokaa haichomwi upya, miti haikatwi kwa ajili ya boriti. Ndivyo ilivyokuwa pia Unguja, ambako Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, imekuwa ukumbi wazi wa Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Mizinga ilitoka, ngoma zikaingia. Lakini mawe ya boma yana hesabu nyingine ambayo haimo katika daftari la mazingira. Atakayeketi katika bustani ile na kufurahia kivuli, bila kujua ni nani waliobeba mawe yale na kwa malipo gani, atakuwa amepumzika juu ya kazi ya watu asiowajua. Kulitumia boma kwa muziki ni kulikomboa, lakini ukombozi hutaka kumbukumbu pia.

Ukuta wa pili ulikuwa ule wa kanisa. Wamishonari walirudi, wakafungua kituo Nkoaranga mwaka 1902. Wakaja na nyimbo za Ujerumani, na wakaja na mashaka makubwa juu ya ngoma za wenyeji. Kwa miaka mingi Mkristo mwema alikuwa yule aliyeacha uwanja akaingia ukumbini. Haifai kulidharau lile alilolipata humo, maana uimbaji wa sauti nne uliota mizizi Meru, na kwaya za miteremko ile ni fahari ya nchi hadi leo. Lakini kulikuwa na hasara: tuni zilizozaliwa chini ya mti ziliachwa nje mlangoni.

Mlango huo ulifunguliwa kidogo kidogo, na mahali pamoja ulipofunguliwa ni Makumira, katika nchi ya Meru, ambako chuo cha theolojia cha Walutheri kilihamia miaka ya 1950. Mwalimu mmoja wa hapo, Howard Olson, mtu wa Marekani, aliwahimiza wanafunzi kuleta tuni za kwao, akazikusanya katika kitabu kilichoitwa Tumshangilieni Mungu. Mwanafunzi mmoja kutoka nchi ya Wahaya, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya, ambao leo huimbwa kwa lugha nyingi katika nchi zilizo mbali sana na Meru. Jambo hili lina fundisho kwa wale wanaotafuta muziki usioharibu. Watu huzungumza mno juu ya paa na taa, na husahau kwamba wimbo nao una udongo wake. Kinanda cha kuletwa kwa meli chaweza kuvunjika na kukosa fundi. Tuni ya nyumbani hutengenezwa na kila aiimbaye.

Sasa lazima kufika kwenye jambo zito. Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali ya Waingereza ilimpa Jaji Wilson kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Kwa mpango uliofuata, mashamba ya Engare Nanyuki na Leguruki, kaskazini mashariki ya mlima, yalikusudiwa kuwa ya walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe. Wameru waliokuwa wakikaa huko walikataa kuhama. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika. Nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu. Wameru hawakujibu kwa mikuki. Waliandika, walichanga fedha, na mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, hadi Umoja wa Mataifa huko New York. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao mara ile, lakini habari za mlima mmoja zilisikika duniani kote, na chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 kilikuta watu waliokwisha kujua kwamba mtawala aweza kushtakiwa. Japhet na Seaton waliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Leo Ngare Nanyuki ni makazi ya Wameru tena.

Huenda mtu akauliza: shauri la ardhi lina uhusiano gani na ukumbi wa muziki? Uhusiano wake umo katika methali ambayo kila Mswahili aijua: mcheza kwao hutuzwa. Methali hii haisemi kwamba mcheza vizuri hutuzwa. Yasema mcheza kwao. Tuzo latoka kwa watu wanaomjua mchezaji, jina la baba yake na shamba la mama yake. Mtu aliyefukuzwa Engare Nanyuki hakupoteza mahindi na nyumba peke yake. Alipoteza mahali pa kutuzwa. Aliyeondolewa penye uwanja wake aweza kuimba popote, na aweza kulipwa, lakini kulipwa na kutuzwa si mamoja.

Ugumu wa shauri hili waongezeka mtu akikumbuka kwamba hata neno kuhifadhi limekuwa na nyuso mbili mlimani pale. Mwaka 1960 bonde la Ngurdoto lilifanywa hifadhi ya taifa. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, mkutano juu ya uhifadhi ulifanyika Arusha, na Julius Nyerere akatoa tamko ambalo limejulikana kama Tamko la Arusha juu ya wanyama na misitu, akiahidi kwa niaba ya nchi changa kwamba urithi huo utatunzwa. Mwaka 1967 mlima wenyewe uliunganishwa, na hifadhi ikaitwa Arusha. Hapana budi kukiri faida yake: msitu unaolindwa ndio unaoyatunza maji ya mito ya mji. Lakini mpaka wa hifadhi, kama mpaka wa shamba la mlowezi, huchorwa juu ya nchi ambayo watu walikuwa wakichunga, wakiokota kuni na kuchuma dawa. Kwa hiyo mwenyeji wa Meru akisikia kwamba mahali fulani pametengwa ili pasiharibiwe, huuliza kwanza: pametengwa na nani, dhidi ya nani? Swali hilo si la ukaidi. Limefundishwa na miaka mingi.

Mji nao ulikua, ukataka kumbi zake. Katika mtaa wa Kaloleni palijengwa jumba la starehe na mikutano la Waafrika, na humo, mwezi wa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilijadili Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Tangu mwaka 1977 jumba hilo ni makumbusho ya Azimio. Hizo zilikuwa zama za dansi, na gitaa la umeme lilikuwa limekwisha kuutwaa ufalme wa usiku. Mwaka 1970 Wilson Kinyonga na ndugu zake walitoka Tanga wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakapata sifa kubwa kwa jina la Simba Wanyika. Uwanja mkubwa wa mji, ambao hujaa watu siku za mpira na siku za muziki, una jina la Sheikh Amri Abeid, yule mshairi aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akawa waziri, na akafa mwaka 1964. Ni nadra mji kuuita uwanja wake kwa jina la mshairi, na huenda wengi waingiao humo hawajui kwamba waingia katika nyumba ya vina na mizani.

Pamoja na umeme ilikuja mashine ya kukuza sauti, na hapo mambo mawili yalibadilika. Mwimbaji hakuhitaji tena nusu duara ya wenzake. Na gharama ya wimbo ikahamia mahali pasipoonekana, kwenye mafuta ya jenereta na waya utokao mbali. Lakini haikuwa hasara tupu. Katika mwaka 1996 vijana wa Arusha waliunda kundi la X Plastaz, wakaghani kwa Kiswahili juu ya midundo ya mashine, na baadaye Yamat Ole Meipuko akaimba nao kwa sauti ya Kimasai. Santuri yao ya mwaka 2004 iliitwa Maasai Hip Hop. Olaranyani alikuwa amerudi uwanjani kwa njia ya waya.

Baada ya mwendo huu wa karne moja na zaidi, ukumbi wa leo wenye taa za jua waweza kupimwa kwa haki. Mengi yake yastahili sifa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na ukumbi ukatazao vikombe vya kutupwa waongeza jema juu ya sheria. Mbao za zamani na makuti hupunguza saruji, ingawa nazo hutaka uangalizi: ukumbi mkubwa wa makuti wa chuo cha sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, kuonyesha kwamba kujenga kwa vitu vya asili hakumwondolei mtu wajibu wa kuchunga. Wagiriki wa kale walipojenga ukumbi wa Epidaurus katika karne ya nne kabla ya Kristo, waliuegemeza mteremkoni, kilima kikawa viti, na sauti ikapanda bila chombo chochote. Mteremko wa Meru waweza kufanya kazi ile ile kwa yule atakayeutazama kabla ya kuita mashine ya kusawazisha ardhi.

Lakini wachunguzi wa mambo haya wameona kwamba mara nyingi moshi mwingi wa tamasha hautoki jukwaani. Watoka katika safari za wasikilizaji. Basi ukumbi uliojengwa mbali, katikati ya shamba la kahawa, ambao haufikiwi ila kwa gari la mtu binafsi, waweza kuwasha taa za jua mia na bado ukauchafua upepo kuliko ukumbi mnyonge wa Kaloleni unaofikiwa kwa miguu na kwa daladala. Tena ukumbi huo humchagua msikilizaji kabla ya mlango: asiye na gari amekwisha kukataliwa barabarani, bila mtu kumtamkia neno baya. Hapa maswali yale mawili ya mwanzo yakutana. Kumfungia jirani nje na kuichafua hewa huweza kuwa tendo moja, lililofanywa na barabara moja.

Kwa sababu hiyo kipimo cha ukumbi kisiwe taa peke yake. Na itazamwe kama miti iliyokuwapo ingaliko. Na itazamwe maji machafu yanakwenda wapi, na nani ananywa chini yake, kwa kuwa mto upitao nyuma ya jukwaa ni mfereji wa mtu fulani huko chini. Na itazamwe kama ardhi ilinunuliwa kwa mwenyewe, kwa ridhaa yake, au ilipatikana kwa njia ambayo hakuna apendaye kuieleza. Na mwisho itazamwe kama mwanamke auzaye ndizi njiani aweza kuingia, akaketi, akapiga kigelegele pahali pake, na mwimbaji akageuka kumtazama kwa kuwa amemtambua.

Uwanja wa kale haukuwa na kuta, na kwa hiyo haukuweza kuficha gharama zake wala kumkataa jirani. Hakuna awezaye kuurudisha mji wa leo katika nusu duara ile. Watu ni wengi, na gitaa limekwisha kupendwa. Lakini mjenzi wa ukumbi chini ya Meru, kabla hajapima jua litakaloingia katika vioo vyake, aweza kwenda kwa wazee wa mahali pale akawauliza ni wapi watu walikuwa wakichezea. Huenda wakamwonyesha mti. Huenda wakamwonyesha kisiki, na kumwambia ni mwaka gani ulikatwa, na kwa amri ya nani.